Isale Juu ya Ndiva

Hapo zamani, huko milimani Upare, palikuwa na hakimu akiitwa Mrutu. Mtu mpole, hali rushwa, hapandishi sauti. Wewe unayeguna, subiri, sijamaliza kumsifu.

Desturi ya huko ilikuwa hivi: kitu kikigombewa, hakimu huchomeka tawi la isale juu yake. Hakuna kukigusa mpaka hukumu itoke. Ukigusa, unafukuzwa mlimani, wewe na wanao.

Basi ndugu wawili, Senzota na Kiangi, wakagombea ndiva ya marehemu baba yao, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Mrutu akachomeka isale ukingoni. Na mteremkoni, chini ya ndiva, aliishi Nanzia na mama yake aliyepooza miguu. Hawakuwa na pengine pa kwenda.

Siku moja Nanzia akaona ufa ukingoni. Sisimizi angepita. Akapanda mbio kwa hakimu.

"Baba, toa hukumu, ukingo uzibwe! Tutakufa!"

"Mwanangu, haraka haraka haina baraka. Ndugu hawa wanasubiri shahidi. Rudi baada ya mavuno."

Mavuno yakapita. Sasa kidole kiliingia. Nanzia akapanda tena.

"Baba, nikilala nasikia maji yakitembea ukutani!"

"Mwanangu, haraka haraka haina baraka. Shahidi anaumwa. Rudi baada ya tohara."

Tohara ikapita. Sasa ngumi iliingia. Safari hii Nanzia akamwendea Mbonea, fundi wa kuziba ndiva. Mbonea akaja na udongo wa mfinyanzi. Akautazama ufa, akalitazama isale. Akautua udongo palepale, akarudi kwa watoto wake.

Masika yakaingia. Mvua haikukatika.

"Usiniache, mwanangu, naogopa," mama akasema.

"Nakuja sasa hivi, mama. Naita watu wakubebe."

Loo! Hakufika hata kwa jirani. Alisikia mlio, akageuka. Maji aliyaona, nyumba hakuiona.

Chifu wa mlima ule akawaita wote waliohusika, naye Nanzia akakaa mbele yao, nguo zingali na tope.

Mrutu akasema, "Niliogopa kuhukumu vibaya. Hukumu ya pupa nayo huua. Na ufa ule mimi sikuutoboa."

Senzota na Kiangi wakasema, "Tuliomba shahidi asubiriwe, ni haki yetu. Kuomba si kosa. Aliyekubali ni nani?"

Mbonea akalia. "Udongo nilikuwa nao, mikono nilikuwa nayo. Lakini wanangu ningewapeleka wapi?"

Chifu akasema, "Kule juu kuna ndiva nyingine. Nayo ina isale, nayo ina ufa, na kesi yake bado iko kwa Mrutu. Chini yake kuna nyumba tupu. Mmoja kati yenu atahamia humo na watu wake wote, wala hatatoka mpaka kesi iishe. Nanzia, mfiwa ni wewe. Chagua."

Nje mvua ikaanza upya. Watoto wa Mbonea wakamshika baba yao kanzu. Mke wa Mrutu akaanza kuomba Mungu kwa sauti. Senzota na Kiangi, waliokuwa hawasemezani, wakashikana mikono. Nanzia akasimama, akainua mkono.

Msinitazame mimi! Mkono ungali juu, na mvua inanyesha. Semeni nyinyi: je, nani alistahili kulala chini ya ule ufa?