Kitumbua Kilichokwama Kooni mwa Twiga

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa soko!
Soko la nani?
La wanyama!

Basi kaeni vizuri. Na wewe unayecheka kabla ya kichekesho, ngoja kidogo, kinakuja.

Hapo zamani za kale, gamba la Kobe likiwa bado halina nyufa, palikuwa na soko kwenye njia panda. Sokoni hapo Bi Kanga alikaanga vitumbua. Jirani yake, Kobe, alichemsha chai. Jirani wa Kobe, Nyuki, aliuza asali. Walikaa bega kwa bega, na hata salamu hawakupeana.

"Vitumbua! Msiende kwa Kobe, chai yake chungu!"

"Chai! Chai! Vitumbua vya Kanga vikavu, vitawanyonga!"

"Asali! Hao wawili hawajui utamu!"

Na wote watatu, nawaambieni, walikuwa wakisema kweli.

Taabu ya Bi Kanga ilikuwa jua. Alikaangia juani, na vifaranga wake walitweta pembeni, karibu nao waive. Moyo ulimuuma. Siku Tembo, mkuu wa soko, alipotangaza kwamba atakayelisha wageni asubuhi ya harusi ya bintiye atapewa kibanda chenye kivuli, Kanga aliruka, kishungi kikasimama wima.

"Nikikikosa, wanangu," alisema, "tunarudi porini kuchakura mchwa."

Akaenda kwa Tembo na vitumbua vyake. Twiga ndiye aliyekuwa mwonjaji. Akameza kimoja, kikakwama. Na koo la Twiga, jamani, si koo la kuku! Kikateremka kidogo, kikakwama tena.

"Mtoeni huyu!" akasema Tembo.

Akaingia Kobe. Alitoka sokoni na chai ya moto, akafika nayo baridi. Tembo akaonja mwenyewe, akakunja uso. "Mtoeni!"

Akaingia Nyuki. Tembo akachovya mkonga kwenye asali, mkonga ukanata sikioni. Akapiga chafya, sikio nusura ling'oke. "Mtoeni upesi!"

Wakajikuta nje ya lango, watatu wote, wakilaumiana. Fisi, bawabu wa Tembo, alicheka mpaka akakaa chini. Mara Twiga naye akatoka akiyumba, macho yamemtoka pima, kitumbua kingali kooni.

Kanga akaingiwa na hofu. Huyu akifa, nani atanunua kitumbua changu tena? Akampokonya Kobe birika.

"Inama, baba, inama!" Akammiminia chai.

"Chungu!" Twiga akataka kutema. Nyuki akawahi, akamdondoshea asali ulimini. Twiga akatulia.

Gu... gu... gu... Kitumbua kikateremka. Wote wakakifuata kwa macho, toka juu mpaka chini. Pu!

"Nipeni tena," akasema Twiga.

"Nini?" wakauliza, kila mmoja akisogeza chake.

"Vyote!"

Kobe akajikuna shingo. "Jamani, tufanye kwa bia."

"Bia?" Fisi akaja mbio na kibuyu kitupu. "Iko wapi? Mimina!"

"Si bia ya kulewa, wewe! Bia ya kushirikiana. Huyu atoe hiki, yule atoe kile, tuuze pamoja."

Fisi akashusha kibuyu, karibu alie.

Kanga naye akarudi nyuma. "Mimi? Kanga hazai ugenini! Mkijua ninavyoumua unga wangu, kesho mtanifukuza."

"Dada, hatuombi mayai yako," akasema Kobe. "Siri yako ibaki jikoni kwako, yangu kwangu. Tukutane kwenye sinia."

Kanga akawakumbuka wanawe wanaotweta. Akameza kiburi chake, nacho kilikuwa kikavu kuliko kitumbua.

"Haya. Lakini chai yako itafika baridi."

Wote wakamgeukia Fisi. Fisi ana miguu, Fisi ana mdomo. Wakampa birika akimbie nalo, akipiga kelele njia nzima. Vitumbua hawakumpa abebe. Bia ni bia, lakini Fisi ni Fisi.

Twiga akawasemea kwa Tembo, Tembo akakubali. Asubuhi ya harusi wageni walikula, wakanywa, wakalamba vidole. Na wasioalikwa wakaja, wameitwa na kelele za Fisi! Tembo akacheza ngoma mpaka vyungu vikaruka, kisha akawapeleka wale watatu sokoni.

"Haya, kibanda hiki ni cha nani?"

"Changu!" wakasema watatu kwa pamoja. Mazoea, ndugu zangu, yana taabu.

Wakatazamana. Bi Kanga akakohoa.

"Chetu," akasema. Na vifaranga wake walikuwa wameshalala kivulini.

Ndiyo maana nawaambia: biashara ukiitoa bia, kinabaki nini? Shara! Nani kati yenu amewahi kununua shara? Peke yako una kitumbua kinachokwama. Pamoja mna chakula cha harusi.

Hadithi yangu imefika chini ya birika. Mwenye kikombe na anywe, asiye nacho anywe kwa bia na jirani yake.