Kibuyu cha Beja na Farasi wa Uwanda wa Chumvi

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni moto. Wewe unayetafuna hindi, tafuna taratibu, maana nasikia meno yako kuliko sauti yangu. Nyamazeni kidogo. Hadithi hii ni ya mtu aliyenyamaza, na mtu aliyenyamaza hasikiki penye makelele.

Nikisema Chumvi, nyinyi semeni Ikolee.

Chumvi.

Ikolee.

Chumvi.

Ikolee.

Haya. Hapo kale, kale ya kale, bibi yake bibi yangu hajaota jino, palikuwa na kijiji kando ya uwanda wa chumvi. Uwanda mweupe, mpana, ukiutazama mchana macho yanatoka machozi bila msiba. Wanaume waliibeba chumvi nchi za mbali wakaibadili kwa mtama. Wanawake ndio waliokwangua, na wakikwangua waliimba, maana walisema chumvi isiyoimbiwa ni mchanga tu.

Na ng'ambo ya uwanda walikaa farasi. Hawakuwa farasi wa mtu. Wazee wa wazee wao waliletwa na mfalme mmoja, vita vikaja, mazizi yakaungua, farasi wakakata kamba wakaenda zao. Tangu hapo hawakujua hatamu wala tandiko. Kiangazi walikuja kulamba chumvi, na mtu akipiga chafya tu, hao, vumbi.

Sasa shikeni neno hili. Katika kijiji kile mtu akienda safari, kibuyu chake cha kunywea maji hakioshwi. Kinatundikwa juu ya mlango, mdomo chini. Akirudi, anakishusha mwenyewe, anakunywa. Asiporudi, mkewe anakishusha na kukivunja kizingitini, na hapo ndipo kilio kinapoanza. Si mama, si ndugu, si mkuu wa kijiji. Mke peke yake. Na kibuyu kikiwa bado kinaning'inia, hapana kulia. Utamliliaje mtu ambaye kibuyu chake kinamngoja?

Alikuwako mwanamke jina lake Nyamvula. Yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo uwandani. Akianza yeye, hata mvivu aliinama akakwangua. Mumewe aliitwa Beja, mbeba chumvi, mtu wa masihara, mwenye pengo hapa mbele.

Siku ya safari Beja alitundika kibuyu chake, akasema, "Nyamvula, usikioshe."

"Na wewe usichelewe. Buibui ataingia."

"Akiingia, mwambie nyumba hii ina mwenyewe."

Akacheka, akafunika pengo lake kwa mkono, akajitwika chumvi, akaenda.

Wenzake walirudi. Beja hakurudi. Wakasema, "Alibaki nyuma kupumzika kwenye mto mkavu. Tuliporudi kumtazama hatukumwona." Basi. Kiangazi kikapita, masika yakapita, kiangazi kingine kikaja. Nyamvula akiamka anakitazama kibuyu. Akilala anakitazama kibuyu. Kwanza wimbo ulimpotea. Halafu maneno yakampotea. Mwisho hata ukimwambia hodi, alikutazama tu.

Wakaletwa waganga. Wa kwanza akamfukiza moshi. Nyamvula akakohoa, hakusema. Wa pili akamfunga hirizi; Nyamvula akaivaa, hakusema. Wa tatu akasema huyu apigwe kwa fimbo ya mkwaju, sauti itatoka yenyewe. Mama yake Beja, kikongwe mmoja jina lake Mbeyu, akainuka akaichukua ile fimbo.

"Tuanze na wewe, mganga. Tusikie yako inavyotoka."

Mganga aliondoka hata chakula hakungoja.

Lakini Mbeyu naye alikuwa na lake. Kila jioni aliketi kuelekea ule mlango, akasema, "Mwanangu Nyamvula, Beja nilimzaa mimi. Niambie anarudi nimpikie, au nipe ruhusa nimlilie. Hapa katikati nimechoka kukaa." Nyamvula aliinamisha uso. Mkono wake haukupanda kwenye kibuyu.

Chumvi.

Ikolee.

Kiangazi kile Nyamvula alikwenda kukwangua peke yake, mbali na wenzake, jua likiwa limelegea. Akasikia pumzi. Akageuza macho kidogo: farasi jike, mwekundu kama udongo wa kichuguu, kamba imezama shingoni hata nyama imeota juu yake.

Nyamvula hakumkodolea macho. Kiumbe wa mwitu ukimkodolea macho unamwambia utamla. Alimpa mgongo, akauweka mkono nyuma, kiganjani chumvi. Akangoja. Akangoja. Akangoja. Ulimi ukaja, mkavu, wa moto.

Farasi akasema, "Wewe wa miguu miwili, unamngoja nani?"

Nyamvula akageuka akafumbua kinywa. Hapakutoka kitu.

Farasi akaleta pua yake kwenye pua ya Nyamvula, akapuliza. "Kwetu tunasalimiana hivi. Nimepuliza, na wewe puliza."

Nyamvula akapuliza. Pumzi ikatoka mbali, chini kabisa, kama maji ya kisima kilichosahaulika. Farasi akaenda zake.

Jioni ya pili akaja tena. "Wewe wa miguu miwili, unamngoja nani?"

Hapakutoka kitu. Nyamvula akashika ile kamba shingoni, akaitazama. Farasi akasema, "Wa miguu miwili walitutega kule bondeni, mimi na mwanangu. Mimi niliikata. Yeye alikuwa mdogo, hakuweza. Upepo wa kusini ukivuma namsikia harufu. Ukikoma, nabaki na hii."

Nyamvula akaiosha shingo kwa maji ya chumvi. Yaliuma, farasi alitetemeka kwato hadi masikio, lakini hakuondoka. Kidogo kidogo kamba ikatoka. Wakapuliziana pua, na safari hii pumzi ya Nyamvula ilikuwa na mvumo ndani yake, mmmh, kama wimbo unaojitafuta.

Jioni ya tatu farasi akaja. "Wewe wa miguu miwili, unamngoja nani?"

"Namngoja Beja," akasema Nyamvula, na sauti yake ikamshtua mwenyewe. "Mbeba chumvi. Ana pengo hapa mbele. Akicheka anaficha kwa mkono."

Farasi akainua masikio. Kisha akasema, "Namjua. Nikuambie?"

Wajukuu zangu, habari njema haiombi ruhusa. Inaingia na viatu vyake. Nyamvula akajua, na kwa kuwa alijua akaogopa.

"Usiniambie leo," akasema. "Kesho. Njoo kwangu unywe maji."

Farasi akamfuata, maana hakudhani kwamba aliyemtoa kamba angemfunga kamba. Walipofika, Nyamvula akachukua kamba ya ukindu aliyoisuka mwenyewe, akamfunga farasi kwenye nguzo ya mlango, chini ya kibuyu cha Beja. Moyoni akasema, ukikaa hapa, habari nayo itakaa ndani yako, na mimi nitakuwa na wa kunipulizia pua.

Lakini alipofumbua kinywa kumbembeleza, sauti haikuwepo. Ilikuwa imekwenda tena.

Akamletea nyasi, farasi hakula. Akamletea maji, farasi hakunywa. Akamletea chumvi, farasi hakulamba. Kidonda cha shingo kikafunguka upya. Watoto wakaja kuchungulia.

"Nyamvula kapata mume wa miguu minne!"

"Afadhali huyu hachelewi safari!"

Mbeyu akawatupia magunzi wakatawanyika. Akaja akaketi kizingitini, farasi huku, mkwewe kule.

"Mwanangu," akasema, "jana nilikusikia uwandani. Mimi macho yamezeeka, masikio bado. Ulisema jina la mwanangu, na huyu akajibu kuwa anamjua. Halafu umekwenda kumfunga mjumbe mlangoni, ili habari isiingie ndani. Tazama shingo yake. Hiyo kamba aliyotoka nayo utumwani, na hiyo yako, zina tofauti gani? Yako umeisuka vizuri zaidi, basi."

Nyamvula akaitazama ile shingo.

"Usidhani nakulaumu," akasema Mbeyu. "Ningekuwa na kamba ndefu ya kutosha, hata mimi ningemfunga Beja siku ile. Angeoza mlangoni kwangu, nami nimemshika."

Nyamvula akainuka. Akachukua kisu, akaikata kamba. Akampa farasi mgongo, ili akitaka kwenda aende bila kutazamwa.

Farasi hakwenda. Alileta pua yake begani kwake akasema, "Nikuambie?"

Na Nyamvula akasema, kwa sauti nyembamba, "Niambie. Sema kwa nguvu, mama naye asikie."

"Tulimkuta kwenye mto mkavu, mbali na njia, chini ya mgunga. Amelala ubavu, mkono mdomoni. Chumvi yake imemwagika. Nilimpulizia puani, hakunipulizia. Wenzangu nao walipuliza, hakupuliza. Tukamzunguka hata ndege wakubwa wakakata tamaa. Mvua ya kwanza iliposhuka, ukingo wa mto ukaanguka ukamfunika. Chumvi yake tuliilamba sote. Ndiyo iliyotuvusha kiangazi kile."

"Mkono mdomoni," akasema Mbeyu.

"Mkono mdomoni," akasema farasi.

Nyamvula akapandisha mkono juu ya mlango. Kibuyu kilikuwa chepesi, na ndani yake kweli mlikuwa na buibui. Akamtoa taratibu, akamweka ukutani. Akakivunja kibuyu kizingitini.

Mbeyu akalia. Nyamvula akalia. Walilia hata majirani wakaja, nao wakalia, kwa kuwa kilio kile kilikuwa kimewekwa siku nyingi na kilikuwa cha kutosha kila mtu. Kilio kikachoka kikawa mvumo, mvumo ukatafuta maneno, na asubuhi wanawake wa kijiji wakamsikia Nyamvula uwandani anaanzisha wimbo. Wakainama wakakwangua. Farasi hakuwepo. Nyayo zake zilielekea kusini.

Kila kiangazi alirudi. Wakipuliziana pua, farasi humwuliza, "Wewe wa miguu miwili, unamngoja nani?"

Na Nyamvula hujibu, "Nakungoja wewe."

Mpaka kiangazi kimoja wenzake wakaja, yeye hakuja. Nyamvula alisimama uwandani mpaka jua likazama, na upepo wa kusini ulikuwa unavuma. Hakutundika kibuyu. Alikusanya fungu la chumvi safi, akaliacha ukingoni, akarudi nyumbani akipiga mvumo wake.

Ndiyo maana nawaambieni, kamba haiponyi kidonda cha kamba. Na anayekuletea habari usiyoitaka, mpe maji, usimfunge.

Chumvi?

Imekolea.

Basi wakarithi waliorithi. Mbeyu alirithi binti, akamzeekea mikononi. Wanawake wa uwandani walirithi wimbo. Farasi wa mwitu walirithi fungu la chumvi ukingoni kila kiangazi, na mpaka kijiji kile kilipohama hapana aliyewatega. Buibui alirithi nafasi ya kibuyu juu ya mlango. Na mimi nilirithi kipande cha kibuyu chenyewe, hiki ninachotekea chumvi jikoni. Ndiyo sababu mboga zangu zinazidi chumvi. Msinilaumu mimi. Mkono wa Beja ulikuwa mzito.