Ua Ndani ya Jiwe la Jomvu Kuu

Mwiba hauna kazi nyingine duniani ila kuchoma. Ukikuvizia njiani ukakuingia wayoni, majirani watakuja na sindano, watakutolea, na huruma watakupa juu yake. Lakini ukiuchuma mwenyewe, ukauchonga ncha, kisha ukaukalia, usitazamie mtu akupepee. Asiyeamini na aulize habari za Kulthum, binti wa Jomvu Kuu, ambaye mwaka wa 1991 aliukalia wake mbele ya shule nzima.

Kulthum alikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya upande wa Changamwe. Alikuwa na akili kali kama wembe, na kwa bahati mbaya alijua hivyo. Tangu kidato cha kwanza jina lake lilikaa juu ya orodha ya matokeo kama kunguru juu ya mnara, na halikuwa na nia ya kushuka. Alikuwa na ndoto moja tu: kwenda Nairobi, kwenye jumba la makumbusho, akafunzwe kusoma visukuku, yaani mabaki ya viumbe na mimea ya kale yaliyogeuka mawe. Daftari lake lilijaa michoro ya mawe aliyoyaokota ufuoni na vichochoroni, kila jiwe na maelezo yake. Wenzake walisema siku akiolewa atadai mahari ya kokoto.

Mwaka huo aliletwa darasani msichana mgeni aitwaye Jael. Baba yake, Mzee Dishon, alitoka bara kutafuta riziki, akawa mvunja mawe katika machimbo nyuma ya Miritini. Kiswahili cha Jael kilikuwa kikitembea kwa mkongojo, na Kulthum, aliyeketi naye dawati moja, alikuwa akimsahihisha ngeli kutwa nzima kwa furaha kubwa. Alimpenda Jael kama mtu ampendavyo jirani asiye na kitu cha kutamaniwa.

Mapenzi hayo yalidumu mpaka ilipofika barua. Mwalimu Rashid, aliyefundisha jiografia, aliisoma mbele ya darasa: mtaalamu wa makumbusho angekuja mwisho wa Julai, na mwanafunzi mwenye kisukuku cha thamani zaidi angechukuliwa kwenda Nairobi likizo ya Agosti. Kila mtu aandae jiwe lake, na daftari lake pia. Kulthum alitabasamu. Moyoni alikuwa ameshapanda gari moshi na kuchagua kiti cha dirishani.

Siku ya tatu, Jael aliingia darasani na bamba la jiwe la kijivu lililofungwa katika kipande cha gunia. Baba yake aliliona lilipopasuka chini ya nyundo yake, akaliweka kando. Juu yake palikuwa na jani refu lenye vijani vidogo vilivyojipanga pande mbili kama meno ya kitana, na ubavuni mwake konokono wa jiwe aliyejikunja kama ngata ya mchukua maji. Mwalimu Rashid alilikodolea macho hata chaki ikamdondoka. Kufika adhuhuri, shule yote ilikuwa imepanga foleni kulitazama, na mpishi wa shule aliacha maharagwe yaungue kwa ajili yake.

Wivu ulimwingia Kulthum kama mchwa kwenye boriti: nje rangi inang'aa, ndani unga mtupu. Mahamri ya asubuhi yalimshinda. Akawa anajiuliza, yeye aliyeinama juani miaka mitatu akiokota mawe, atapitwaje na mtu ambaye jiwe lililetwa mpaka mlangoni kwake? Swali hilo halikuwa baya. Ubaya ulikuwa katika jawabu alilojipa.

Kwanza alinong'ona. Alisema ati jani lile limechorwa kwa msumari wa moto. Mnong'ono ulizunguka shule ukarudi ukiwa umenenepa, ukidai Mzee Dishon ana kiwanda kizima cha majani nyumbani kwake. Kisha Kulthum alimwendea Mwalimu Rashid, uso umejaa haya na sauti imepakwa asali, akapendekeza kwamba siku ya mgeni kila jiwe lioshwe kwa maji na brashi mbele ya watu wote.

"Si kwa ubaya, Mwalimu," alisema. "Ni ili haki itendeke."

Mwalimu akalipenda shauri, akaliandika ubaoni kuwa sharti. Jael aliposikia hakutikisika. Alisema jiwe lake lilikuwa na vumbi hata hivyo, si vibaya likioga.

Jawabu hilo lilimchoma Kulthum kuliko matusi. Usiku na mchana akaona jani tu. Ndipo alipokumbuka aliyoyasoma katika kitabu cha maktaba: wataalamu wa dunia nzima wanabishana juu ya maua ya kwanza, yalitoka wapi na yalichipuka lini, na kila mmoja anatamani kuyaokota. Jani ni nini mbele ya ua?

Nyumbani kwao maua hayakuwa shida. Bibi yake, Nana Kafedha, ndiye aliyekuwa akitunga asumini za maharusi wa Jomvu Kuu, ua kwa ua, kwa sindano na uzi mweupe, mpaka koja likatimia. Uani palikuwa na chokaa iliyochomwa karibuni, ambayo mafundi waliichimbia shimo ioze miezi mitatu kabla ya kukandika ukuta wa jiko. Kulthum alichota kata moja. Aliyaponda mawe ya kijivu katika kinu cha Nana kilekile cha bizari, akachanganya unga wake na chokaa, akaupaka ule uji juu ya bamba la jiwe. Kisha akachomoa ua moja katika koja lililosalia, akalikandamiza, akabandua petali moja moja. Pakabaki alama nzuri ya kuvutia macho. Uzi ulikatika, kipande kikazama katika uji, lakini yeye hakukiona, kwa kuwa macho yake yalikuwa Nairobi. Bamba akalianika juu ya dari wiki moja. Juu ya kuoshwa hakuwa na hofu. Chokaa imeshikilia misikiti ya Jomvu miaka na miaka, alijiambia, itashindwa na ua moja? Alisahau kwamba chokaa ya misikiti haikuwa na haraka ya kwenda Nairobi.

Mgeni akawadia. Alikuwa Daktari Mastura, mama wa makamo mzaliwa wa Mtongwe, buibui lake limechafuka vumbi pindoni kama la mtu asiyeogopa kupiga magoti. Jiwe la Jael likaoshwa. Kadiri brashi ilivyopita ndivyo jani lilivyozidi kung'aa, hata mishipa yake ikahesabika. Waliokuwa wamenong'ona wakatazama viatu vyao.

Kisha Kulthum akafunua leso. Watu waliona ua, na mnong'ono ukapita uwanjani kama upepo katika minazi. Daktari aliinama, akalitazama kwa muda mrefu.

"Umeliokota wapi, mwanangu?"

"Machimboni Miritini, Daktari. Tabaka lilelile la Jael." Alitia neno hilo la mwisho ili jiwe lake lipate heshima ya lile jingine.

Daktari akawageukia wanafunzi. Aliwaeleza kwamba konokono wale wa mawe waliishi baharini yapata miaka milioni mia na hamsini iliyopita, na kwamba jani la Jael ni jamaa wa mtapo, mmea ambao wazee wa pwani wanaujua, nao hauchanui ua mpaka leo. Zama zile nchi ilikuwa na majani ya kila namna, lakini ua lolote lijulikanalo kwa hakika lilikuja baadaye, miaka mamilioni baadaye.

"Kwa hivyo ua katika tabaka lile," alisema, "ni kama mjukuu kuonekana katika picha ya harusi ya bibi yake. Ikiwa ni kweli, vitabu vyote vitaandikwa upya. Basi tulioshe."

Kulthum, imani yake katika chokaa imemtoka ghafla, alisema haraka kwamba lake ni laini, lisioshwe, lingeharibika.

"Sharti ni lako wewe, Kulthum," Mwalimu Rashid alimkumbusha, akamkabidhi mgeni brashi.

Maji yakapita mara moja, ua likafifia. Yakapita mara ya pili, likawa uji wa kijivu unaotiririka mezani. Katikati ya uji kikachungulia kitu cheupe. Daktari Mastura akakishika kwa koleo ndogo, akakivuta polepole, urefu wa kidole kizima, akakiinua juu.

"Mimi pia nilivalishwa asumini siku ya harusi yangu, na huu uzi naujua," alisema. "Ila sikujua kwamba zama za konokono hawa kulikuwa na mtunga koja."

Shule ikaangua kicheko kilichosikika mpaka Mikindani. Ambaye hakucheka alikuwa Jael peke yake.

Baadaye Daktari alimwita Kulthum kando. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililoumiza zaidi. Alimwambia kwamba barua ilitaja nafasi moja, lakini baada ya kutumwa ilipatikana ya pili, ya mwanafunzi mwenye daftari bora. Madaftari yote, aliyopelekewa na Mwalimu Rashid, alikuwa ameyasoma jana yake.

"Lako lilikuwa la kwanza," alisema. "Lakini nitaaminije tena ulichokiandika humo?"

Kulthum alitoka langoni haoni njia. Jael alikuwa akimngoja, amebeba daftari lile.

"Umesahau hii," Jael alisema.

Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Kulthum hakumsahihisha. Alilipokea, akaenda zake.

Nyumbani alimkuta Nana Kafedha amekaa juu ya mkeka, kinu mbele yake, akikichunguza ndani kwa kidole. Kulthum alijitupa mapajani mwake, akamhadithia yote kwa kwikwi: wivu, chokaa, uzi, na ile nafasi ya pili iliyokuwa yake bila yeye kujua. Alipokwisha, akangoja ule mkono wa siku zote juu ya kichwa chake. Haukuja.

"Kulthum."

"Abee, Nana."

"Jumatano nilipika pilau ya hitima. Sheikh mzima alivunjika jino kwa bizari yangu, na mimi nikaapa wallahi bizari yangu ni safi." Nana akakisukuma kinu mpaka magotini pa mjukuu wake. "Pole zangu nimekwisha kuwapa wale waliotafuna mawe yako. Inuka, kioshe."

Kulthum akainuka na kinu, machozi yakimdondoka ndani yake, akafahamu kuwa mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.