Fundo la Tatu

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, palikuwa na kijiji ambacho watu wake hawakumjua Mungu wala shetani. Mtu akikosa hakuwa na pa kusema "shetani kanipitia." Kosa ni lako, basi. Na kosa likiua, mwenye kosa alimchimbia marehemu kaburi peke yake, wengine wakimtazama.

Chakula chao kilikuwa muhogo mchungu, wenye sumu. Waliuloweka bwawani, kila mtu na chungu chake, mpaka kuche mara tatu. Kila alfajiri mwenye chungu alifunga fundo moja kwenye kamba yake. Akiwa safarini, jirani alimfungia, kisha akapaza sauti, "Nimemfungia!" ili mwingine asirudie.

Mwaka mmoja njaa ikapiga. Sikuzani akaloweka muhogo wake wa mwisho. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Tunu, wa miaka sita, mbavu nje. Kulipokucha akafunga fundo la kwanza, akamwacha Tunu kwa shangazi yake, akaenda msituni kuchimba viazi vya porini. Akalala huko huko. Hakupata hata kimoja.

Alfajiri jirani yake Somoe akamfungia fundo la pili. Lakini hakupaza sauti. Aliyekuwa karibu ni jirani wa upande wa pili, Mzee Nandonde, na wawili hao walinuniana mwaka mzima kwa ajili ya mbuzi aliyekula mtama. Aanze yeye kumsemesha? Thubutu! Akaenda zake. Mzee Nandonde naye macho yalishaingia ukungu, na aliona haya kumwambia mtu. Akaishika kamba ya Sikuzani, hakuhesabu, akafunga la tatu.

Mchana Sikuzani akarudi. Akaona mafundo matatu. Nililala msituni mara moja, au mbili? Akahesabu kwa vidole. Vidole vikasema kumekucha mara mbili. Kamba ikasema tatu. Na Tunu analia, "Mama, njaa." Akaiamini kamba. Akapika, akampa mtoto chakula chote, yeye mwenyewe hakuonja. Kabla jua halijatua Tunu alikuwa amekufa.

Asubuhi mchuuzi mpita njia akawakuta msibani. "Poleni sana. Hiyo kazi ya shetani."

Wakamgeukia wote. Sikuzani akamshika nguo. "Anakaa wapi, kaka yangu? Nionyeshe nikamuulize."

Mchuuzi akajitwika mzigo wake, akaondoka.

Jembe la kuchimbia kaburi likawekwa katikati ya uwanja.

"Fundo langu lilikuwa la haki," akasema Somoe. "Mzee Nandonde ndiye aliyezidisha."

"Ungesema neno moja tu, binti, ningeuzuia mkono wangu," akasema Mzee Nandonde. "Mbuzi alikuwa na thamani gani?" Kisha akalia, mzee mzima. "Lakini kweli sioni. Sijaona tangu masika. Mngenicheka."

Sikuzani akasimama, akaliokota jembe. "Nyamazeni. Nilijua. Vidole viliniambia. Nilitaka mwanangu anyamaze kulia, nami kamba ikanipa ruhusa. Nitachimba mimi."

Shangazi akampokonya. "Mama amchimbie mwanawe kaburi? Hilo nalo si ubaya? Tutaulaza wapi ubaya huo?"

Nanyi msinitazame hivyo. Wewe unayetikisa kichwa hapo nyuma, mwaka huu hujamnunia mtu? Mzee akichimba, atachimba asichokiona. Somoe akichimba, atachimba kwa kosa la kunyamaza, na kijiji kizima kilijua wamenuniana kikanyamaza pia. Mama akichimba, sijui.

Jua limepanda. Tunu yuko kwenye mkeka, nzi wameanza, shangazi anawafukuza kwa upande wa kanga. Jembe liko chini. Semeni basi: jembe apewe nani?