Matanga ya Jukwaani

Mcheza kwao hutunzwa, walisema waliotutangulia. Maana yake ni kwamba anayeonyesha ufundi wake mbele ya watu wake ndiye anayepata tuzo ya kweli, kwa kuwa hao wanamjua yeye, wazazi wake na mahali alikotoka. Wapo wanaoidharau methali hii. Husema ilitungwa ili kuwafariji waliokosa nauli ya kwenda mbali. Huenda. Lakini wasemao hivyo hawakuwamo ukumbini Jumamosi ile jijini Durban, Laetitia Kasongo alipocheza nafasi ya mjane.

Laetitia aliletwa Durban kutoka Lubumbashi akiwa mgongoni mwa mama yake, akalelewa katika chumba kimoja cha ghorofa kuukuu mtaani Point. Uigizaji aliuanzia kanisani. Krismasi moja alipewa nafasi ya kondoo, naye akalia kikondoo kwa bidii hata waumini wakashindwa kumsikiliza malaika. Baba yake, Papa Baudouin, fundi wa simu, alipita mtaa mzima akiwaonyesha wateja jinsi bintiye alivyolia. Nyota njema huonekana asubuhi. Binti alisomea uigizaji, akapanda majukwaa ya Durban, kisha akaenda Johannesburg, na magazeti yakaanza kulitaja jina lake.

Kwenye televisheni, hata hivyo, mambo hayakumnyookea. Alipewa nafasi ya muuguzi mwenye sentensi moja, ya mtumishi wa ndani, na mara nyingi ya mgeni tapeli ambaye matamshi yake yanachekesha. Laetitia alichoka kuchekwa. Akayasugua matamshi yake kama mtu asuguaye sufuria iliyoungua, mpaka Kongo yote ikatoka. Akiulizwa anatoka wapi, alijibu, "Durban," akafunga mdomo.

Kisha Papa Baudouin akafariki ghafla. Wakati huo Laetitia alikuwa Cape Town akipigwa picha za filamu. Alifika asubuhi ya mazishi, akatupa udongo kaburini, na jioni akapanda ndege kurudi kazini, maana alikuwa ameambiwa kwamba akichelewa nafasi yake atapewa mwingine. Matangani hakukaa. Wanawake wa kanisa, waliokuwa wamekwisha kutandika mikeka chumbani kwa mama yake, walitazamana.

"Ule mutoto amekauka macho," alisema Mama Yvette, muuza sombe, yale majani ya muhogo, kutoka kitongoji cha Isipingo, mwanamke wa mwili mkubwa na ulimi usiokuwa na breki.

Maneno hayana miguu lakini hufika. Yalimfikia Laetitia, yakamchoma, naye akayajibu kwa kujitenga. Tangu hapo alimtembelea mama yake kwa saa moja moja, kama mgeni, na akiwaona wanawake wale mtaani alivuka barabara.

Mwaka huu mlango ulifunguka. Ebele Nwosu, mwigizaji wa jukwaani na wa filamu, Mmarekani aliyezaliwa na wazazi Wanigeria, alikuwa akitafuta mwanamke wa kucheza nafasi kuu katika tamthilia mpya ya televisheni. Alikuwa ametazama kanda nyingi na sasa walibaki wanawake wawili. Mmoja wao alikuwa Laetitia. Ebele na watayarishaji wawili wangekuja Durban kumwona katika mchezo wa mjane, maonyesho ya Jumamosi alasiri, kisha waamue papo hapo. Kwa mwanamke aliyekuwa amehesabiwa kuwa mtumishi na tapeli maisha yake yote ya kazi, hilo lilikuwa jambo la kufa na kupona.

Mchezo wenyewe ulitungwa na kuongozwa na Yaaseen, Mwislamu mzaliwa wa Durban ambaye mababu zake walitoka pwani ya Afrika Mashariki. Alimpenda Laetitia kama dada, akamsihi kama mwalimu.

"Wageni hawa wanapenda utulivu, dada," alimwambia. "Ile sehemu ya kilio, lia kwa macho tu. Sauti ibaki ndani. Halafu simama peke yako, kunja nguo za marehemu, sema maneno ya mwisho. Ukiweza hivyo tu, sharp, safi kabisa, kazi ni yako."

Laetitia alikuwa akiliweza hilo tangu siku nyingi. Hofu yake ilikuwa nyingine. Ijumaa alikwenda saluni ambako mama yake, Mama Julienne, alikuwa akisuka.

"Mama, kesho ukuje peke yako. Tafadhali."

"Peke yangu namna gani? Siku kubwa ya mutoto, mama anaenda peke yake kama mwizi?"

"Teatri si kanisa, mama. Watu wanakaa kimya. Hakuna vigelegele, hakuna amina."

"Na mutu akifurahi?"

"Anafurahi ndani ya roho."

"Eish! Furaha ya wapi hiyo?" Wateja wakacheka. Laetitia hakucheka.

"Mama, hii kazi njo maisha yangu. Nikiikosa, haiko ingine."

Mama Julienne aliweka kitana chini, akamtazama bintiye usoni. "Nimesikia, maman. Nitakaa kimya," alisema, akimwita bintiye "maman" kama Wakongo wanavyowabembeleza mabinti zao. La kuja peke yake hakuliahidi, na Laetitia, kwa haraka zake, hakuligundua hilo.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Ebele na wenzake waliketi safu ya tatu. Nyuma kabisa waliingia wanawake kumi na ushei waliovaa vitenge vya kanisani, wakiongozwa na Mama Julienne. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga ukumbi wa michezo. Walikuwa wameonywa kukaa kimya, nao walikaa kimya hata wakaona aibu kukohoa.

Mchezo ulikwenda kama maji mteremkoni. Laetitia aliwashika watazamaji kwa mkono mmoja. Ikafika sehemu ya kilio: mjane analetewa habari kwamba mumewe amekufa mgodini, naye anapiga magoti mbele ya nguo za marehemu. Laetitia akapiga magoti. Akalishika shati lililokuwa juu. Machozi yakaanza kuteremka, kimya, jinsi alivyofundishwa.

Lakini moyo haufundishwi kila kitu. Huenda ni lile shati, huenda ni uchovu wa kuuficha msiba ule muda wote. Sauti ilimtoka. Haikuwa sauti ya chuo wala ya Johannesburg. Ilikuwa sauti nene, ya tumboni, iliyopanda ikashuka: "Papa weee! Papa, umeniacha na nani?"

Nyuma ya ukumbi Mama Julienne alisimama.

Ni lazima kusema hapa kwamba kwao mwanamke akimlilia maiti haachwi peke yake. Wenzake huinuka wakamzunguka, mmoja akamkalisha, mwingine akamfunga kitenge kiunoni, wakalia naye hadi sauti yake itulie. Kuketi na kumtazama mwenzako akilia ni ukatili, tena ni aibu itakayosimuliwa. Basi wanawake wale walikuwa wamevumilia mengi alasiri ile, ila hilo hawakuliweza. Waliinuka wote, wakateremka kwa njia ya katikati, wakavua viatu chini ya jukwaa, wakapanda.

Watazamaji wengine walidhani ni sehemu ya mchezo. Wengine walicheka. Wale watayarishaji wawili walinong'onezana, kisha mmoja akatazama saa yake. Pembeni ya jukwaa Yaaseen alikuwa amejishika kichwa. Alimwonyesha Laetitia ishara ya kuzima taa: akitikisa kichwa tu kukubali, taa zitazimwa, wanawake watatolewa, na mchezo utaanzwa upya pale pale. Nafasi ilikuwa bado iko mkononi mwake.

Wakati huo Mama Yvette alikwisha kuketi sakafuni kwa kishindo kilichotikisa mbao. Akamvuta Laetitia mapajani mwake, akamfuta uso kwa kitenge, akauliza swali ambalo huulizwa katika kila matanga, kwa sababu mfiwa ni lazima asimulie.

"Alikufa na nini, mama?"

Swali hilo halikuwamo katika mchezo. Laetitia alimtazama Yaaseen, akatazama safu ya tatu, kisha akatikisa kichwa kukataa. Taa hazikuzimwa.

"Alikufa kazini," alianza, akimsemea mume wa mjane. "Mawe yalimwangukia." Akalikumbatia lile shati. "Na mimi sikukuwa pale. Walinipigia simu, nikasema nitakuja kesho. Nilimufikia amefunikwa. Nilimwaga udongo, nikaenda. Sikumulilia. Papa yangu, sikumulilia!"

Hapo hakukuwa na mjane tena wala mgodi. Kila mwanamke aliyeketi pale alijua ni Baudouin anayeliliwa.

"Tunajua," alisema Mama Julienne, akimfunga bintiye kitenge kiunoni. "Njo maana tumekuja. Lia, maman. Lia sasa."

Akalia, nao wakalia naye. Mama Yvette alilia kuliko wote. Kilio kilipotulia, Laetitia aliwaambia wanawake waliomzunguka yale maneno ya mwisho ya mjane, nusu kwa Kiingereza nusu kwa Kiswahili cha nyumbani. Mchezo ulitaka ayaseme akiwa amesimama peke yake. Aliyasema ameketi, na kila aliposhusha pumzi wanawake waliitikia, "Ndiyo, mama, sema." Safu ya tatu ilikuwa na viti viwili vitupu.

Baadaye Ebele Nwosu aligonga mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Laetitia alisimama, uso umemvimba.

"Wenzangu wameondoka," Ebele alisema kwa Kiingereza. "Wanasema huwezi kuutawala mchezo wako. Nimewabishia mpaka garini. Kazi amepewa yule mwingine. Sikutaka uisikie kwa mtu mwingine."

"Asante kwa kuniambia," Laetitia alijibu, akaketi.

Ebele naye akaketi, juu ya sanduku la mavazi. Alikuwa mwanamke aliyepata kila alichotafuta.

"Mimi nimeigiza New York na London," alisema. "Nimelia jukwaani usiku baada ya usiku, kwa miaka. Watu wamenipigia makofi wamesimama. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda kunishika." Akatabasamu bila furaha. "Mama yangu alikuwa akikaa viti vya mbele. Nilimfundisha kukaa kimya, na akajifunza vizuri sana."

Kisha akainuka, akamkumbatia Laetitia, akatoka.

Asiseme mtu kwamba Laetitia hakuumia. Aliililia nafasi ile wiki nzima, tena mama yake alipojaribu kumwambia kwamba Mungu ana mpango, alimjibu kwa ukali kisha akamwomba radhi. Mlango uliofungwa ni mlango uliofungwa. Lakini wiki hiyo alilala Point, chumbani kwa mama yake, juu ya mkeka, na wanawake walikuja zamu kwa zamu kumaliza matanga yaliyokuwa yamekatika. Walimsimulia visa vya baba yake ambavyo hakuwahi kuvisikia. Mama Yvette alimletea kila siku mtu mpya wa kumsalimu, na kila mtu alikuwa na kisa. Laetitia alicheka, akalia, akacheka tena, na matamshi yake ya kwao yakamrudia bila kuombwa.

Yaaseen alikuja siku ya Alhamisi, akakunja miguu mkekani.

"Dada, nimefikiri," alisema. "Ule mwisho nilioandika, naona haya kuusoma. Bibi yangu angeuona angenizomea. Nimeufuta. Jumamosi tutauacha wazi, tuone."

"Na wasipopanda?"

"Utalia peke yako, kama nilivyotaka mwanzo, na mimi nitajua nilistahili hivyo."

Jumamosi iliyofuata teksi zilikuja kutoka Isipingo, nyingine kutoka Queensburgh, na foleni mlangoni ilizunguka kona. Walikuwamo Wakongo, Watanzania, wanawake wa Kizulu walioisikia habari saluni, na wazee wa ukoo wa Yaaseen waliovaa kofia zao. Laetitia alicheza kwa sauti yake yote. Ilipofika sehemu ile alipiga magoti mbele ya nguo za marehemu, akatazama gizani, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa jukwaani. Kama hakuna atakayekuja, atakuwa amekosa kote kote, kwenye televisheni na kwao pia.

Alifungua mdomo ili alie. Kabla sauti haijatoka, alisikia viti vikipiga kelele, safu moja, kisha nyingine, kisha ukumbi mzima, na watu wakivua viatu. Wa kwanza kumfikia alikuwa mwanamke wa Kizulu ambaye hakuwahi kumwona maishani mwake, akamfunika mabega kwa blanketi lake na kuketi kando yake.

Msafiri ana raha zake, na mbali kuna makofi mengi. Lakini mcheza kwao hutunzwa.