Soya za Mshonaji

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Maana yake ni kwamba msaada ulio mbali, hata ukiwa mkubwa namna gani, haumfai mtu aliyefikwa na jambo sasa hivi. Dereva aliijua methali hii tangu utotoni, ila kuijua methali si kuikumbuka.

Aliitwa Dereva kwa sababu aliendesha trekta miaka thelathini kabla ya kustaafu. Alikodi shamba, akapanda soya, na msimu wa kwanza magugu yakamzidi kete. Mwenye shamba alipita, akatazama, akasema kwa upole kwamba akikuta tena magugu yanamwaga mbegu katika ardhi yake, atampa mtu mwingine. Dereva hakuwa na shamba jingine, wala umri wa kuanza upya kwingine.

Msimu wa pili alijipanga. Aliachanisha mistari kwa sentimita tisini ili trekta lipite na jembe lake la palizi. Rafiki yake wa kazini, ambaye sasa ndiye aliyelishika lile trekta, aliahidi kufika wiki ya tatu.

Ng'ambo ya mfereji, shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikodi kipande cha ukubwa uleule. Huyu alikuwa mshonaji. Alipima kwa utepe wake wa kushonea, akakata kijiti cha sentimita arobaini na tano, akapangia mistari yote. Dereva alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Shemeji, shamba umelibana kama suruali ya kijana. Na mbegu utamaliza mfuko na nusu, mimi mmoja umenitosha."

"Mbegu nanunua mara moja," alijibu mshonaji. "Palizi nalipia kila magugu yakiota. Wacha majani yanifanyie kazi."

Wiki ya tatu ilifika, trekta halikufika. Lilikuwa limeharibika, na kipuri kilisubiriwa kutoka mbali. Kila Dereva alipopiga simu, rafiki yake aliapa kesho kutwa. Mvua nayo haikusubiri kipuri. Katika zile njia pana alizoliachia trekta, jua liliingia bila hodi na magugu yakanawiri kama yamealikwa. Alijaribu jembe la mkono, lakini kila akimaliza mistari miwili kiuno kiligoma.

Siku moja alivuka mfereji kinyemela. Shemeji yake alikuwa amepalilia mara moja tu, na tangu hapo majani yalikuwa yamekutana juu ya mistari. Dereva aliinama akayatenga kwa mikono. Chini palikuwa na kivuli, udongo mtupu, na magugu machache membamba yaliyokosa nguvu. Alirudi kwake na aibu yake, asimwambie mtu, hata mkewe. Ilibaki wiki moja mwenye shamba apite.

Kesho yake asubuhi alisikia majembe. Mkewe na shemeji yake walikuwa wameshaingia mstari wa tatu.

"Mnafanya nini huku?" aliuliza.

"Kwangu sina kazi, shemeji," mshonaji alisema bila kuinua kichwa. "Kivuli kinapalilia. Au nikae nikuangalie unavyopiga simu?"

Dereva alishika jembe akaingia katikati yao. Walipalilia siku tano. Mwenye shamba alipokuja alitembea mpaka mwisho, akang'oa gugu moja, akalitupa, akamwambia aendelee na mwakani.

Trekta lilifika siku mbili baadaye. Soya zilikuwa zimeshatanuka, halikuwa na pa kukanyaga. Dereva alimpa rafiki yake maji ya kunywa, wakaongea vizuri, akamsindikiza hadi barabarani.

Wakati wa mavuno Dereva alipata magunia manane, shemeji yake kumi na mawili. Nusu mfuko wa mbegu ulikuwa umemwokolea mshonaji palizi mbili nzima. Dereva hakuona wivu. Alibeba gunia moja kati ya yale manane akalitua mlangoni kwa shemeji yake.

"La nini hili? Mimi ninazo," mshonaji alishangaa.

"La shukrani. Bila nyinyi leo ningekuwa sina pa kupanda. Na kile kijiti chako nakiomba."

Mshonaji alikitoa nyuma ya cherehani, akampa. Dereva alikipeleka nyumbani, akakitundika kwenye msumari uliokuwa wa funguo za trekta, akamwita mkewe aje aone. Mkewe alikitazama kile kijiti kifupi, akatabasamu, akasema, "Kumbe ni kweli, baba, fimbo ya mbali haiui nyoka."