Bwana Juu ya Ukuta wa Bikizee

Wapendwa, hili nawaambia ninyi tu. Apeni kwamba halitatoka humu kanisani. Mmeapa? Haya. Nami niliapa hivyo hivyo, na sasa nalitoa, Mungu anisamehe.

Huko Uingereza palikuwa na bwana mwenye shamba kubwa la urithi. Ndani yake mlikuwa na msitu wa kupendeza, wala haukujiotea. Babu yake aliupanda mti kwa mti, akachimba vijito, akazipinda njia ili anayepita asijue mbele kuna nini. Katikati ulisimama mti wa maua mekundu, mbegu yake ilitoka milima ya mbali. Na babu aliweka desturi: kila bibi harusi wa kijijini apewe kitawi akapande mlangoni kwake.

Mjukuu aliposhika funguo, desturi ikafa. Akaja bibi harusi, shela bado kichwani.

"Bwana, nimefuata kitawi changu."

"Chako? Ulikipanda lini? Kachume magugu ya njiani, binti! Mti huu ni wangu."

Mwaka ule ikaja baridi ya kupasua mawe. Mti ukafa hadi mizizi. Bwana akakosa usingizi: mti wa babu umemfia mikononi! Akakumbuka kwamba kwa bikizee mmoja kijijini upo mwingine, uliotokana na kitawi cha harusi yake. Angeomba? Kwa kinywa kile kile? Ninyi mngeomba?

Akangoja Jumapili, watu wote wako ibadani, akapanda ukuta wa bikizee na kisu. Kumbe siku hiyo mchungaji sauti imemkauka, mahubiri yakaisha mapema. Msicheke, hutokea! Watu wakamkuta bwana kakaa juu ya ukuta kama jogoo, kisu mkononi, kitawi mdomoni, suruali imenaswa na msumari.

Kisha bikizee akasema, "We mwanangu, mlango wangu hauna hata komeo. Huko juu umefuata nini?"

Bwana akatoa kitawi mdomoni. "Mama, wangu umekufa."

"Tunajua. Kijiji kizima tunajua! Basi kata na cha pili, umpelekee binti uliyemfukuza. Yule pale, anakucheka."

Wakaangua kicheko, na bwana naye akacheka hadi machozi, suruali bado iko msumarini.

Sasa mwacheni bwana, tujitazame sisi. Nani hapa hajazungushia ukuta kitu alichopewa bure, akakiita changu? Ukuta huo wa 'changu' uliuzuia mti wa bwana usiende kwa watu. Baridi je, uliizuia? Uliopona ni ule uliotolewa. Tulichogawa ndicho kitakachotungoja siku ya baridi, tena kimechanua. Wewe unayeinamisha kichwa, nakuona. Jirani uliyemnyima juzi anakaa mlango wa pili. Mpelekee leo, kabla hujala cha mchana.